Padri wa Morebath na Kitabu Chake cha Hesabu

Tukisoma historia ya nchi yo yote, mara nyingi twasoma habari za wafalme na za vita. Twajua mfalme gani alirithi kiti, mwaka gani alianza kutawala, na mwaka gani alikufa. Lakini watu wa vijijini, wale wenye kulima na kuchunga, wenye kuleta watoto wao kwenye ubatizo na kuzika wazee wao kando ya kanisa, habari zao hatuzisikii. Tungependa kuuliza: siku ile mfalme alipotoa amri mpya juu ya dini, ni nani kijijini aliyeondoa sanamu kanisani? Ni nani aliyezificha nguo za Misa nyumbani mwake? Na padri wao alifanya nini?

Katika vijiji vingi hakuna awezaye kutujibu, kwa maana hakuna aliyeandika. Lakini kuna kijiji kimoja cha Uingereza ambacho padri wake aliandika, mwaka kwa mwaka, zaidi ya miaka hamsini. Kijiji hicho chaitwa Morebath. Leo twataka kuwasimulia wasomaji wetu habari zake, kwa sababu ni habari za parokia ya watu wadogo kama parokia zetu, na kwa sababu zina fundisho kwa kila mkristu mwenye kupenda kanisa lake.

Kijiji na watu wake

Morebath iko upande wa kusini-magharibi wa Uingereza, katika jimbo la Devon, karibu na mpaka wa jimbo la Somerset. Kutoka mji wa Exeter, palipo na kanisa kuu la askofu, ni mwendo wa kilometa 40 hivi kuelekea kaskazini. Nchi yenyewe ni ya vilima, yenye mvua na baridi, na juu yake kuna nyika kubwa iitwayo Exmoor. Mashamba ya ngano si mengi. Mali ya watu wa kule ilikuwa kondoo.

Zamani zile parokia nzima ilikuwa na jamaa 33 tu. Nyumba zao hazikukaa pamoja zote. Nyingine zilikuwa mbali mbali vilimani, kila moja na shamba lake. Jina la shamba lilikuwa kama sehemu ya jina la mtu, na ilikuwa lazima, kwa maana majina yalirudiwa sana. Jamaa ya Timewell, kwa mfano, ilikuwa kubwa, na wanaume wengi wa jamaa hiyo walibatizwa William au John. Ndiyo maana padri aliandika: William Timewell wa Wood, William Timewell wa Combe. Wood na Combe ni majina ya mashamba. Hivyo hakuna aliyeweza kusema, Si mimi, ni mwenzangu.

Tarehe 30 Agosti 1520 alifika padri mpya, jina lake Christopher Trychay. Alikuwa mtu wa Devon, aliyezaliwa Culmstock, si mbali sana. Watu walimwita Sir Christopher. Zamani zile Waingereza waliwaita hivyo mapadri wasiokuwa na cheo cha chuo kikuu. Kwa hiyo hakuwa mtu mkubwa wa elimu. Alikuwa padri wa kijijini, mwenye kufuga na kulima kidogo kama waparokia wake, mwenye kuwajua wote kwa majina, na mwenye kukasirika kidogo hesabu ya fedha isipotimia. Alikaa Morebath mpaka kufa kwake mwaka wa 1574. Miaka 54 katika parokia moja! Wafalme wanne walipita juu yake: Henry wa Nane, Edward wa Sita, Malkia Mary na Malkia Elizabeth. Kila mmoja alileta amri zake juu ya dini, na kila amri ilifika mpaka mlangoni pa kanisa lake dogo la Mtakatifu Georgi.

Kondoo wa Bikira Maria

Kitabu chenyewe si kitabu cha mafundisho wala cha hadithi. Ni kitabu cha hesabu. Kila mwaka wazee waliochaguliwa kulinda mali ya kanisa walipaswa kutoa hesabu mbele ya parokia yote: fedha zilizoingia, fedha zilizotoka, na zilizobaki. Padri ndiye aliyeandika kwa niaba yao, kisha akasoma kwa sauti mbele ya watu wote. Kwa hiyo twapaswa kukisoma kama tunavyosikia mtu akisema mbele ya mkutano. Mara anashukuru, mara anakumbusha deni, mara anamtaja marehemu aliyeacha zawadi na kuomba aombewe.

Kanisa la Morebath halikuwa na mfuko mmoja, lilikuwa na mifuko mingi. Kulikuwa na mfuko wa Mtakatifu Georgi, msimamizi wa parokia. Mfuko wa Bikira Maria. Mfuko wa Mtakatifu Antoni. Na mingine tena. Vijana waume walikuwa na mfuko wao, na wasichana walikuwa na wao. Kila mfuko ulikuwa na walinzi wake, na kazi yake kubwa ilikuwa kuwasha mishumaa mbele ya sanamu ya mtakatifu. Hivyo katika parokia ya jamaa 33, karibu kila nyumba ilipata zamu yake ya kutumikia kanisa. Wanawake nao walichaguliwa, wajane na walioolewa. Na msichana ambaye bado hajaolewa aliweza kusimama mbele ya wazee na kusema: Fedha za mfuko wetu ni hizi, nta tuliyonunua ni hii.

Je, fedha zilitoka wapi? Kwanza, kwa kondoo. Kila mfuko ulikuwa na kondoo wachache, na kondoo hao waligawanywa katika nyumba za waparokia ili walishwe pamoja na kondoo wao wenyewe. Padri aliandika ni nani anamlisha kondoo gani. Kondoo akizaa, iliandikwa. Akifa, iliandikwa pia. Manyoya yakikatwa, yaliuzwa kwa faida ya mfuko. Kwa hiyo mkulima akienda asubuhi kutazama mifugo yake, alimwona katikati yao kondoo wa Bikira Maria. Sala na kazi hazikuwa mbali mbali.

Pili, kwa pombe. Tusicheke, maana ndivyo ilivyokuwa katika parokia nyingi za Uingereza. Kulikuwa na nyumba ya kanisa ambamo walinzi walipika pombe na chakula siku za sherehe. Watu wa Morebath walikuja, na jirani wa parokia nyingine walikuja pia, na faida yote iliingia mfukoni mwa kanisa. Na mkristu mwingine, akiwa karibu kufa, aliacha mzinga wa nyuki, ili nta na asali vitunze taa mbele ya sanamu ya Yesu na ya Mtakatifu Sidwell.

Mtakatifu huyo Sidwell aliletwa Morebath na Padri Christopher mwenyewe. Alikuwa bikira mfiadini wa mji wa Exeter. Masimulizi ya kale yasema kwamba wavunaji walimkata kichwa kwa fyekeo la kuvunia. Padri alimpenda sana, akamwekea sanamu kanisani. Watu wakampenda nao. Waliokuwa wakifa wakamwachia rozari zao na vipande vya fedha, na kwa fedha hizo sanamu ikafanyiwa kiatu cha fedha. Tena wakaanza kuwapa binti zao jina la Sidwell katika ubatizo. Hapo twaona jinsi ibada inavyoingia katika jamaa: kwanza padri ahubiri, kisha mama ampe mtoto wake jina.

Ugomvi na wizi

Msifikiri kwamba Morebath ilikuwa paradiso. Kitabu chatuonyesha ugomvi pia. Katika miaka ya 1530 watu waligombana kwa muda mrefu juu ya mshahara wa mtumishi wa kanisa, yule aliyemsaidia padri katika Misa na kupeleka maji ya baraka majumbani. Kila nyumba ilipaswa kumpa fedha kidogo na mganda wa nafaka. Wengine walikataa, wakasema shamba lao si kubwa, au fulani halipi, kwa nini mimi nilipe? Ikabidi wazee wakae na kukata shauri mara nyingi, na padri kuandika mapatano ili mtu asikane kesho. Nani katika sisi hajaona jambo kama hilo katika baraza la parokia?

Lakini tazameni jambo lililotokea Novemba 1534. Usiku mmoja mwizi alikuja na ngazi, akapanda juu ya kanisa, akavunja dirisha la mnara, akaingia ndani. Akavunja masanduku, akachukua kalisi, akachukua na kile kiatu cha fedha cha Mtakatifu Sidwell. Kukipambazuka parokia haina kalisi. Msiba mkubwa kwa watu maskini! Basi vijana waume na wasichana wa parokia wakakusanyika, wakachanga wao kwa wao, wakanunua kalisi nyingine bila kuwatoza wazee hata senti moja. Padri akaliandika tendo lao katika kitabu, na alipokuwa akisoma hesabu ya mwaka ule, wazee walisikia kwa masikio yao sifa ya watoto wao.

Amri za mfalme

Mwaka ule ule wa 1534 mfalme Henry wa Nane alijitenga na Baba Mtakatifu, akajifanya mkuu wa Kanisa katika nchi yake. Mwanzoni watu wa vilimani hawakuona tofauti kubwa. Misa ilikuwa ile ile. Kisha mambo yakakaribia. Jirani na Morebath kulikuwa na monasteri ndogo ya Barlinch, ambayo ndiyo iliyokuwa bwana wa nchi ya kijiji. Ilifungwa katika miaka ya 1536 na 1537, kama monasteri nyingine nyingi, watawa wakatawanywa. Dirisha moja la kioo la monasteri lililetwa Morebath na kuwekwa kanisani. Zawadi nzuri, lakini ilikuwa zawadi ya marehemu.

Mwaka wa 1538 serikali ya mfalme ikatoa amri nyingine. Katika amri hiyo kulikuwa na mambo mawili ambayo yapasa tuyakumbuke pamoja. Jambo la kwanza: kila parokia iwe na kitabu cha kuandikia ubatizo, ndoa na maziko ya kila juma. Kazi hiyo ilikuwa njema, hatuna budi kusema kweli. Miaka 25 baadaye, mwaka wa 1563, Mtaguso Mkuu wa Trento uliagiza hivyo kwa Kanisa katoliki zima kuhusu ubatizo na ndoa, na hata leo kila parokia yetu ina vitabu hivyo. Jambo la pili: mishumaa mbele ya sanamu za watakatifu ikome.

Neno dogo, mtu atasema. Mishumaa tu! Lakini ninyi mliosoma habari za mifuko mwajua sasa maana yake. Mfuko ulikuwa kwa ajili ya mshumaa. Mshumaa ukizimwa, mfuko hauna kazi. Mfuko ukifa, kondoo huuzwa. Na kondoo akiuzwa, yule mjane aliyemlisha, yule msichana aliyehesabu fedha za nta, hawana tena zamu yao kanisani. Katika kitabu twaona mifuko ikiisha mmoja baada ya mwingine. Mfuko wa wasichana haupo tena. Majina ya wanawake na vijana yanapungua katika hesabu. Hakuna mtu aliyefukuzwa kanisani. Lakini kazi yao imeondolewa mikononi.

Nguo nyeusi

Padri Christopher alikuwa na haja moja moyoni. Parokia haikuwa na nguo nyeusi za heshima kwa Misa ya marehemu. Kwa muda wa miaka ishirini alikusanya fedha kidogo kidogo. Yeye mwenyewe aliacha haki yake katika manyoya ya kondoo wa kanisa, ili fedha ziongezeke. Waparokia wengine waliacha senti chache katika urithi wao kwa ajili hiyo. Mwishowe, mwaka wa 1547, nguo zilipatikana.

Mwaka huo huo wa 1547 Henry alikufa. Mwanawe Edward alikuwa mtoto wa miaka tisa, na wakubwa waliotawala kwa jina lake walitaka kugeuza dini kabisa. Sala kwa ajili ya marehemu zilipingwa. Mwaka wa 1548 iliamriwa sanamu zote ziondolewe makanisani. Mwaka wa 1549 Misa yenyewe ya kilatini ilikatazwa, na kitabu kipya cha sala kwa kiingereza kikaamriwa kianze siku ya Pentekoste, tarehe 9 Juni. Mwaka wa 1550 altari za mawe ziliamriwa kubomolewa. Fikirini padri yule: miaka ishirini amengoja nguo za kuwaombea wafu wake, na zilipofika hakuruhusiwa kuzivaa.

Watu wa Morebath walifanya nini? Nguo za kanisa na vitu vingine walivigawa majumbani mwao, huyu kanzu, yule kitambaa cha altari, ili wawakilishi wa serikali wasivikute vyote mahali pamoja. Vingine ilibidi viuzwe, maana parokia ilizidi kuwa maskini. Kupika pombe kwa faida ya kanisa kulikuwa kumekomeshwa, kondoo wameuzwa, na kila amri mpya ilileta gharama: kununua vitabu vipya, kulipa safari za wazee walioitwa mbele ya wakubwa. Zaidi ya hayo, mwaka wa 1549 serikali ilitoza kodi juu ya kondoo, katika nchi ambayo watu hawana mali ila kondoo.

Vijana watano

Siku ya pili baada ya kitabu kipya kuanza, watu wa kijiji kiitwacho Sampford Courtenay, katika jimbo lile lile la Devon, walimlazimisha padri wao kusoma Misa ya zamani. Moto ukawaka. Watu wa Devon na wa Cornwall waliondoka kwa maelfu, wakauzingira mji wa Exeter kutoka tarehe 2 Julai mpaka tarehe 6 Agosti. Walidai Misa yao, Sakramenti kubwa kanisani, na maombi kwa ajili ya marehemu wao.

Katika kitabu cha Morebath kuna mistari michache ya mwaka ule. Imeandikwa kwamba parokia iliwatoa vijana watano kwenda kambini karibu na Exeter, ikawapa fedha za njiani, upinde na panga. Majina yao ni William Hurley, Thomas Borrage, John Timewell, Christopher Morsse na Robert Zaer. Kwa muda mrefu mistari hiyo haikueleweka, kwa maana jina la mahali lilikuwa limesomwa vibaya. Mwanahistoria Eamon Duffy wa chuo kikuu cha Cambridge ndiye aliyelisoma upya, akaonyesha kwamba ni kilima cha Mtakatifu Daudi nje ya Exeter, mahali pa kambi ya waasi. Parokia ile tulivu, iliyotii kila amri kwa miaka kumi na mitano, mwaka huo uvumilivu wake uliisha.

Uasi ulishindwa. Serikali ilileta askari wa kulipwa kutoka nchi za Wajerumani na Waitalia, na maelfu ya wakulima waliuawa. Karibu na Exeter padri mmoja, Robert Welsh, alitundikwa juu ya mnara wa kanisa lake mwenyewe akiwa amevaa nguo za Misa. Huko Morebath, Padri Christopher aliendelea kuandika hesabu. Lakini kalamu yake haikuwa ile ya zamani.

Vitu vyarudi, vyatoka tena

Mwaka wa 1553 mfalme Edward alikufa angali kijana, na dada yake Mary, mkatoliki, akapokea utawala. Misa ikarudi. Hapo kitabu kinaanza tena kuwa na furaha. Huyu alirudisha nguo aliyoificha, yule alirudisha kipande cha sanamu, mwingine kitabu cha Misa. Padri aliandika majina yao, akasema kwamba kwa tendo hilo walijionyesha kuwa wakatoliki wema. Kumbe kwa miaka ile yote, ndani ya nyumba maskini, katika masanduku na chini ya majani ya kulalia, kanisa la Morebath lilikuwa limelala vipande vipande likingoja.

Lakini Mary alikufa mwaka wa 1558. Mwaka wa 1559, chini ya Malkia Elizabeth, Misa ilikatazwa tena, na safari hii haikurudi. Padri Christopher alikuwa mzee. Hakukimbilia ng'ambo, hakwenda gerezani. Alibaki Morebath, akasoma ibada mpya kama alivyoamriwa, akaendelea kubatiza na kuzika watu wake. Mwaka wa 1574 alikufa, akazikwa ndani ya kanisa lake.

Hapa msomaji atatuuliza: Je, alifanya vizuri? Sisi hatuwezi kuipita neno hilo kimya. Twawajua wafiadini wa Uingereza, kama Thomas More na Askofu John Fisher, waliokubali kukatwa kichwa mwaka wa 1535 kuliko kumkana Baba Mtakatifu. Kanisa limewatangaza watakatifu mwaka wa 1935, na haki yao ni hiyo. Padri wa Morebath hakuwa na nguvu zao. Aliliacha jambo ambalo mkristu hapaswi kuliacha.

Lakini tusimhukumu upesi. Alikuwa na jamaa 33 ambazo aliwajua tangu ujana wake. Wengi wao alikuwa amewabatiza kwa mikono yake. Pengine alijiuliza: Nikiondoka, nani atawazika? Amri hazikuja zote kwa siku moja; zilikuja moja moja, leo mshumaa, kesho sanamu, kesho kutwa Misa, na kila mara mtu aliweza kusema, Hili tuvumilie, litapita. Hiyo ndiyo hatari. Imani ya parokia haipotei mara nyingi kwa siku moja ya mateso makubwa. Hupotea kwa vitu vidogo vinavyoondolewa kimoja kimoja, mpaka watoto hawajui tena kwamba vilikuwapo. Mungu peke yake ajua moyo wa mzee yule. Sisi twaweza kumwombea, kama alivyotaka marehemu wake waombewe.

Kitabu na sisi

Mwaka wa 1904 kitabu cha hesabu kilipigwa chapa huko Exeter kwa kazi ya padri mmoja wa kianglikana, J. Erskine Binney, na mwaka wa 2001 Eamon Duffy alikiandikia historia nzima. Leo watu wengi wa Uingereza, na wajukuu wa wale waliohamia Marekani na Australia, hutafuta jamaa zao katika vitabu vya parokia: babu wa babu alibatizwa wapi, alioa nani, alizikwa wapi. Wakati mwingine hupata mstari mmoja tu, jina na tarehe. Lakini wenye kutoka Morebath hupata zaidi. Hupata kwamba bibi yao alikuwa mlinzi wa mfuko wa wasichana, kwamba babu yao alimlisha kondoo wa Mtakatifu Antoni, kwamba kijana wa jamaa yao alikwenda vitani na hesabu ikaandikwa.

Huku kwetu kazi hiyo ya kuandika si ngeni. Kardinali Lavigerie aliagiza kila misioni ya Mapadri Weupe iwe na daftari ya kuandika mambo ya kila siku, na ndivyo walivyofanya katika misioni za kwanza kando ya ziwa Tanganyika, kama Mpala, waliyoipokea mwaka wa 1885. Na vitabu vya ubatizo vimo katika kila parokia. Lakini vitabu hivyo mara nyingi huandikwa na padri, naye aandika anayoyaona yeye. Nani ataandika juu ya yule mama anayefagia kanisa kila Jumamosi? Nani atakumbuka ni nani alichoma matofali ya kanisa la kwanza, na nani alifundisha katekisimu chini ya mti kabla kanisa halijajengwa? Wazee wanaojua mambo hayo wanapungua kila mwaka.

Basi, wasomaji wetu wapenzi, tunawaomba jambo moja rahisi. Mkirudi nyumbani baada ya Misa ya Jumapili, mwendeeni mzee mmoja wa parokia yenu, mkamwulize: Nani walijenga kanisa letu? Andikeni majina katika daftari, na majina ya vijiji vyao pia, ili William mmoja asipotelee katika William mwingine. Someni majina hayo mbele ya watu siku ya sikukuu ya msimamizi wa parokia. Na muulize pia kama kuna mtu ambaye zamani alikuwa na kazi kanisani, naye sasa hana. Huyo mpeni kazi, hata kama ni kuwasha mshumaa tu.